Hugo Pratt, Akisomwa Kutoka Baraka

Bukavu kuna kambi ya jeshi iitwayo Saïo. Mtu wa Fizi akipanda kwenda makao makuu ya jimbo atalisikia jina hilo, na mara nyingi atalipita bila kuuliza limetoka wapi. Saïo ni mji wa magharibi mwa Ethiopia, ambao leo huitwa Dembi Dolo. Huko, tarehe 3 Julai 1941, askari wa Kongo waliotembea na Force Publique, jeshi la koloni la Wabelgiji, kutoka kwao hadi nyanda za juu za Ethiopia walimwona Jenerali Pietro Gazzera wa Italia akisalimu amri. Majenerali 9 wa Kiitaliano walikuwa mateka.

Mwaka huohuo, katika Ethiopia hiyohiyo lakini mbali na Saïo, palikuwa na mvulana wa Kiitaliano aliyekuwa amevishwa sare ya polisi wa kikoloni na baba yake mwenyewe. Hakuwa amefika hata miaka 15. Dola aliyoambiwa ni yake ilimporomokea mbele ya macho, na kwa miaka 50 iliyofuata akawa anairudia kwa wino mweusi kwenye karatasi. Mvulana huyo ni Hugo Pratt.

Kwa msomaji wa magazeti ya Nairobi au Dar es Salaam, katuni ni kile kisanduku cha kumkejeli mkubwa, kazi ambayo mchoraji Gado ameifikisha mbali. Pratt hakuwa wa aina hiyo. Alikuwa mtu wa hadithi ndefu ya picha, yenye mfuatano wa fremu na viputo vya maneno, ile ambayo sisi wa upande wa Kongo tumezoea kuiita bede. Aliandika mwenyewe, akachora mwenyewe, na akaipa kazi yake jina la fasihi iliyochorwa. Wengi Ulaya waliokuwa wakiona bede ni mambo ya watoto walibadili kauli kwa sababu yake.

Alizaliwa Rimini tarehe 15 Juni 1927, akakulia Venice, mji uliojengwa juu ya maji ambako mtu hutoka nyumbani na kupanda mashua kama mtu wa Ubwari anavyopanda mtumbwi. Baba yake aliitwa Rolando, mama yake Evelina Genero. Kuhusu ukoo wake Pratt alisimulia mengi: damu ya Kiingereza upande wa baba, Wayahudi waliofukuzwa Hispania upande wa mama, na hata udugu na Boris Karloff, mwigizaji wa filamu za kutisha ambaye jina lake la kuzaliwa lilikuwa William Henry Pratt. Mengine ni kweli, mengine yana chumvi. Msomaji asikasirike. Mtu huyu aliyatunga maisha yake kwa mkono uleule uliotunga hadithi zake, na anayetafuta mpaka kati ya hayo mawili atachoka bure.

Italia iliishambulia Ethiopia Oktoba 1935 na kuingia Addis Ababa tarehe 5 Mei 1936. Rolando Pratt alikuwa huko katika utumishi wa kikoloni. Mwaka 1937 mkewe na mtoto wao wa miaka 10 walimfuata. Kwa mvulana aliyekwisha kusoma riwaya za safari na katuni za Kimarekani, Afrika ilikuwa kitabu kilichofunguka: ngamia, askari wa mataifa kumi, lugha zilizochanganyika sokoni. Akawa na marafiki Waethiopia wa rika lake, akajifunza kuziona sare na bunduki kwa jicho la fundi. Sare hizo atazichora maisha yake yote bila kukosea kifungo.

Kisha vita. Waingereza na washirika wao walivunja ngome za Italia moja baada ya nyingine, na Haile Selassie akarudi Addis Ababa tarehe 5 Mei 1941, miaka mitano kamili tangu mji utekwe. Baba alichukuliwa mateka. Pratt alisimulia kwamba kabla hawajatengana Rolando alimpa kitabu, *Kisiwa cha Hazina* cha Robert Louis Stevenson. Hawakuonana tena, Rolando alifia kifungoni mwaka 1942. Mama na mwana waliwekwa katika kambi ya Dire Dawa, na huko kijana akawa ananunua katuni kutoka kwa walinzi wa kambi. Mwaka 1943 walirejeshwa Italia.

Hapa ndipo ninapoona mzizi wa kazi yake yote. Watoto wa wakoloni walioandika juu ya Afrika baadaye, wengi waliiandika kwa majonzi ya shamba lililopotea. Pratt alikuwa mtoto wa walioshindwa, na walioshindwa na jeshi lenye Wahindi, Wasudani, Wakongo na watu wa Kenya ndani yake. Mapema sana alielewa kwamba bendera hushushwa, kwamba afisa wa jana ni mfungwa wa leo, na kwamba mwenye mji anaweza kuwa yule aliyekuwa akibeba maji. Katika hadithi zake hakuna upande unaoshinda kwa heshima. Kuna watu tu, na wengine kati yao hutimiza ahadi zao.

Alipofika Italia vita vilikuwa havijamwacha. Mwenyewe alisema Wajerumani walimkamata wakimdhania jasusi wa Afrika Kusini, akatumikishwa, akatoroka, akaishia kuwa mkalimani wa majeshi ya Washirika. Baada ya hapo, mwaka 1945, pamoja na vijana wenzake wa Venice, Mario Faustinelli na Alberto Ongaro, walianzisha jarida la *Asso di Picche*, yaani Ree ya Shupaza, lenye shujaa aliyevaa kinyago kwa mtindo wa Marekani. Mchoro wa Pratt siku hizo ulimfuata Milton Caniff wa Marekani karibu hatua kwa hatua: vivuli vizito na brashi nene.

Jarida hilo likawapatia tiketi ya kuvuka bahari. Karibu na mwaka 1950 kundi la Venice lilikuwa Buenos Aires, likiajiriwa na shirika la uchapishaji la Abril la Cesare Civita, Myahudi wa Italia aliyeikimbia nchi yake kwa sababu ya sheria za ubaguzi za Mussolini. Pratt alikaa Argentina zaidi ya miaka 10. Aliingia kijana mwenye kipaji, akatoka fundi.

Aliyemfundisha zaidi hakuwa mchoraji. Alikuwa mwandishi, Héctor Germán Oesterheld. Mwaka 1953 wawili hao walianza *Sargento Kirk*, kisa cha askari wa Marekani aliyeshiriki kuwaua Wahindi Wekundu kijijini mwao, akashindwa kujisamehe, akalitoroka jeshi na kwenda kuishi na wale aliotumwa kuwamaliza. Mwaka 1957 wakaja na *Ernie Pike*, mwandishi wa habari za vita asiye na bunduki, ambaye Pratt alimpa sura ya Oesterheld mwenyewe. Katika katuni za vita za zama hizo adui alikuwa kichwa cha kupigwa risasi tu. Kwa Oesterheld adui alikuwa na mama na barua mfukoni. Funzo hilo lilimkuta mwanafunzi aliyekwisha kulionja kambini Dire Dawa, likamkaa.

Jina la Oesterheld lingefaa kujulikana Fizi kwa sababu nyingine. Kibamba, ufukweni mwa ziwa katika eneo letu, ndipo Muargentina mwingine aliposhukia tarehe 24 Aprili 1965 akitokea Kigoma: Che Guevara. Wakuu wa kundi lake la wapiganaji walijipa majina kwa tarakimu za Kiswahili. Víctor Dreke akawa Moja, Martínez Tamayo akawa Mbili, naye Che akawa Tatu. Waliondoka Novemba mwaka huohuo bila ushindi wowote. Che alipouawa Bolivia mwaka 1967, Oesterheld aliyaandika maisha yake kwa katuni, na mwaka 1968 yakatoka yakiwa yamechorwa na Alberto Breccia, aliyewahi kufundisha uchoraji shule moja na Pratt huko Buenos Aires, pamoja na mwanawe Enrique. Utawala wa kijeshi wa Argentina ulimkamata Oesterheld mwaka 1977, na hakuonekana tena. Mabinti zake wanne nao walipotezwa.

Pratt hakuwa mtu wa siasa za namna hiyo, na wakati huo alikuwa amekwisha kurudi Ulaya zamani. Kabla hajaondoka Argentina alikuwa ameanza kujiandikia: mwaka 1959 alitoa *Ann y Dan*, kisa cha binti mdogo katika Afrika Mashariki ya mkesha wa Vita Kuu ya Kwanza, ambacho Italia kilijulikana kama Anna wa msituni. Ni kazi nyepesi, yenye wachawi na mapori ya sinema. Lakini askari weusi wa kikoloni waliomo wana vichekesho vyao na akili zao, dalili ya yatakayokuja.

Alipitia London, akachora vitabu vya vita kwa malipo ya ukurasa. Kazi ya tumbo. Akarudi Italia, akalichorea jarida la watoto la *Corriere dei Piccoli*. Alikuwa na miaka 40, na kama angekufa hapo tungemkumbuka kama mchoraji hodari wa hadithi za wengine.

Mwaka 1967 tajiri mmoja wa Genoa aliyependa katuni, Florenzo Ivaldi, alimfungulia jarida, wakaliita *Sgt. Kirk* kwa kumbukumbu ya yule mtoro. Katika toleo la kwanza, Julai 1967, Pratt alianza kisa cha bahari ya Pasifiki ya mwaka 1913 chenye maharamia, manowari za Wajerumani na vijana wawili waliotekwa, *Una ballata del mare salato*. Kwenye kurasa za mwanzo baharia mmoja anaokotwa akielea, amefungwa kamba mikono na miguu juu ya mbao. Hata si mhusika mkuu bado. Anaitwa Corto Maltese.

Corto ni mtoto wa Malta, aliyezaliwa mwaka 1887 kwa baba baharia wa Cornwall na mama wa Kigitano kutoka Hispania. Kofia ya nahodha, hereni sikioni, koti refu, sigara nyembamba. Inasimuliwa kwamba mpiga ramli alipomtazama kiganja hakuona mstari wa bahati, basi kijana akachukua wembe wa baba yake akauchonga mwenyewe. Ni nahodha asiye na meli, mtafuta hazina asiyeipata, na anapolazimika kuchagua kati ya dhahabu na rafiki humchagua rafiki huku akijifanya hajali.

Mwaka 1970 Pratt alihamia Paris na kumchora Corto katika *Pif Gadget*, jarida la watoto lililokuwa chini ya chama cha kikomunisti cha Ufaransa. Kati ya 1970 na 1973 alitoa humo hadithi fupi 21. Mashujaa wengine wa jarida walijua nani mwema na nani mbaya. Corto alikuwa mgumu kuwekwa kundini. Hatimaye njia zikaachana.

Hadithi nne za mwisho katika hizo zilikusanywa kwa jina la *Le Etiopiche*. Zinaanzia Uarabuni, zinavuka hadi Somalia na nchi ya Wadanakili, na zinaishia Rufiji. Mwenzi wa Corto humo ni Cush, mpiganaji Mwislamu wa Pembe ya Afrika, mkali, mcha Mungu, mwenye ulimi wa wembe. Cush si mtumishi. Humkatalia Corto, humkejeli kwa ukafiri wake, na akimsaidia ni kwa sababu ameona inafaa. Ukimlinganisha na Waafrika wa *Tintin nchini Kongo* cha Hergé, kilichoanza kutoka gazetini Ubelgiji mwaka 1930, utadhani karne mbili zimepita.

Hadithi ya Rufiji, iliyowekwa mwaka 1918, inahusu watu-chui. Hapa msomaji wa mashariki ya Kongo ana haki ya kusimama na kukohoa kidogo. Watu-chui waliotangazwa duniani ni anioto wa Beni na Ituri, waliohusishwa na mauaji ya kulipiza visasi na ugomvi wa machifu enzi za Wabelgiji. Mwaka 1913 mchongaji Paul Wissaert aliwatengenezea sanamu kwa ajili ya jumba la makumbusho la Tervuren, mtu mwenye ngozi ya madoa akimnyemelea aliyelala, na kutoka kwenye sanamu hiyo Hergé akapata mtu-chui wake wa kuchekesha. Upande wa Tanganyika mnyama aliyevuma katika kesi za namna hiyo ni simba: watu-simba wa Singida wa miaka ya 1940. Chui wa Pratt, basi, ananuka Beni kuliko Rufiji. Amevushwa ziwa bila kibali.

Hata hivyo alichomfanyia chui huyo si alichofanya Hergé. Watu-chui wa Pratt ni mahakama ya siri, yenye hukumu yake na sababu zake, na Mzungu aliyeingia humo ndiye asiyeelewa. Kosa la jiografia limebeba ukweli wa namna nyingine. Ninachomlaumu zaidi ni kumsahau mpagazi. Vita Kuu ya Kwanza huku Afrika Mashariki ilibebwa vichwani na mabegani mwa watu wasiohesabika, wakiwemo wa kando ya ziwa letu, na Pratt, aliyejua kila kifungo cha kila jeshi, alikuwa na macho ya sare. Asiye na sare hakumpa kitabu.

Tena Rufiji na ziwa Tanganyika vilifungwa pamoja na jambo ambalo angelipenda. Manowari ya Wajerumani, Königsberg, ilizamishwa ndani ya delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake 10 ya milimita 105 iliopolewa na kutawanywa nchi nzima. Mmoja ulisafirishwa kwa reli hadi Kigoma, ukafungwa kwenye meli Graf von Götzen, na kwa muda meli hiyo ikawa mbabe wa ziwa hili, Baraka na ghuba yake zikiwa mkabala wa njia zake. Wajerumani wenyewe waliizamisha tarehe 26 Julai 1916 isije ikaangukia mikononi mwa Wabelgiji. Waingereza waliiinua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, meli ambayo mwaka 1997 ilibeba maelfu ya wakimbizi kuwarudisha Kongo.

Kisa hicho cha ziwani kilimngoja mchoraji mwingine. Mwaka 2014 Barly Baruti, mzaliwa wa Kisangani, pamoja na mwandishi Christophe Cassiau-Haurie, walitoa *Madame Livingstone*: rubani Mbelgiji anatumwa Tanganyika kuiharibu Götzen, na kiongozi wake wa njia ni Mkongo avaaye sketi ya Kiskoti, anayezijua pande zote na kutomwamini yeyote. Rubani ndiye mwenye ndege. Anayekumbukwa ukifunga kitabu ni yule wa sketi.

Wala ziwa halikukosa Corto wake wa kweli. Kapteni Léopold Louis Joubert, Mfaransa aliyewahi kupigania majeshi ya Papa, alikuja upande wa Mpala katika miaka ya 1880, akapigana na wawinda watumwa, akamwoa Agnes Atakao mwaka 1888, na hakurudi kwao tena. Alikufa mwaka 1927, mwaka aliozaliwa Pratt. Mwanawe, Albert, akawa padri. Aliuawa Fizi tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa Simba, pamoja na Giovanni Didonè. Siku hiyohiyo Vittorio Faccin na Luigi Carrara waliuawa Baraka. Didonè na hao wawili walikuwa Waitaliano, wamisionari Waksaveri, na wote wanne walitangazwa wenyeheri Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Ukimtaja Mwitaliano Baraka, watu watawafikiria hao, si mchoraji wa Venice.

Mchoro wa Pratt ulipungua kadiri alivyokua. Ule wingi wa brashi wa ujanani ulipukutika. Shakwe anayeruka akawa mstari mmoja uliokunjwa katikati. Jangwa likawa karatasi nyeupe na kivuli cha mtu. Ukurasa mzima ukapita bila neno, macho yakitazama macho. Wapo waliosema amekuwa mvivu. Anayejaribu kumwiga shakwe yule hugundua kwamba uvivu huo umechukua miaka 30 kujifunza. Sambamba na hayo alikuwa mchoraji mzuri wa rangi za maji, na msomaji asiyeshiba: nyumba yake ilijaa maelfu ya vitabu vya safari, vya majeshi na vya imani za siri.

Kisa cha *Gli scorpioni del deserto*, alichokianza mwaka 1969, ndicho kilichomrudisha moja kwa moja utotoni. Kinahusu maafisa wa Washirika katika vita vya 1940 na 1941 huko Libya na Pembe ya Afrika, mkubwa wao Mpolandi aitwaye Koinsky. Mwitaliano Pratt aliichora Italia ya baba yake kutoka upande wa waliomshinda baba yake, bila chuki na bila kuomba msamaha.

Heshima zilikuja kwa wingi. Tamasha la katuni la Angoulême lilimtuza kwa ile hadithi ya bahari mwaka 1976, likampa tuzo kuu maalumu mwaka 1988. Alimwandikia Milo Manara, mchoraji mwenzake wa Italia, hadithi mbili ndefu. Mwaka 1984 alihamia Grandvaux, Uswisi, juu ya ziwa Geneva, na huko kando ya maji akafariki kwa saratani tarehe 20 Agosti 1995.

Tangu 2015 Corto ameendelea kwa mikono ya Wahispania wawili, mwandishi Juan Díaz Canales na mchoraji Rubén Pellejero. Kitabu chao cha pili, *Equatoria* cha 2017, kinampitisha Zanzibar mwaka 1911 na kumwingiza katikati ya bara. Hawana budi kurudi nyuma namna hiyo, kwa sababu mwisho wa Corto ulikwisha kusemwa. Pratt hakuuchora. Aliuweka kama habari ya kupita katika kisa cha Koinsky, na aliyeitoa habari hiyo ni Cush: yule Corto alipotea Hispania, kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe.